Majani Mekundu ya Katanga, Kalenda ya Wazee

Wengi wetu shuleni tulikariri misimu mine ya Ulaya kabla ya kuambiwa neno lolote juu ya majira ya inchi yetu. Mtoto wa Goma alijua kwamba huko Ulaya kuna wakati ambapo majani yanageuka rangi na kuanguka. Lakini nani alimwambia kwamba ndani ya Kongo hii kuna pori linalogeuka jekundu kila mwaka? Pori hilo ni la miombo, kule Katanga. Maandishi haya yanaeleza linageuka lini, nani walilisoma zamani, na juu ya nini linapungua.

Tuanze na Japani, maana kule safari ya kutazama majani ni desturi kubwa. Wekundu unaanzia kaskazini, kwenye milima ya Hokkaido, mnamo mwezi wa tisa, unashuka polepole mpaka Kyoto mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Aliyeukosa mlimani anaweza kuukuta bado bondeni. Kinachouleta ni baridi: jani limezeeka, linapoteza kijani chake, kisha linaanguka.

Kwetu mambo ni kinyume. Katanga ina masika moja tu, tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu au wa ine. Kipwa chake kina sehemu mbili: kwanza miezi ya baridi, halafu, kuanzia mwezi wa nane, miezi ya joto. Wakati wa kipwa miombo inaangusha majani. Joto likipanda, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, miti inatoa majani mapya, kwa kuwa mizizi yake inafikia maji ya chini. Majani hayo machanga ndiyo mekundu: mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, mengine ya divai. Baada ya wiki chache yote yanakuwa ya kijani. Wataalamu wengi wanaona kwamba rangi hiyo inalinda jani changa na jua kali. Basi Mjapani anatazama jani linaloaga. Sisi tunatazama jani linalozaliwa.

Anayetaka kuona aende lini? Kati ya nusu ya mwezi wa nane na nusu ya mwezi wa kumi, na mwezi wa tisa ndio moyo wake. Kila aina ya mti ina siku zake, ndiyo maana kilima kimoja kinaweza kuwa na rangi tano. Mwenye kufika mwezi wa saba atakuta matawi makavu na moshi wa moto wa pori. Mwenye kuchelewa mpaka wa kumi na mbili atakuta kijani na matope. Njia ya Lubumbashi kwenda Likasi inaonyesha mengi, na uwanda wa Kundelungu, uliofanywa hifadhi mwaka 1970, vilevile. Pori hilohilo linaendelea Zambia, na pia Tanzania, pande za Tabora na Katavi.

Wazee walilijua hilo. Katika karne ya 19, wapagazi wengi wa Unyamwezi walisafiri kipwa na kurudi kwao kulima mvua ikikaribia. Si vigumu kuelewa kwamba kwa watu kama hao jani jekundu lilikuwa taarifa: geuza njia, shamba linangoja. Msiri naye alitoka upande huo, kwa Wasumbwa, akaweka ufalme wake Bunkeya. Wayeke wake walitoka miombo wakafika miombo. Miti ya ugenini haikuwa migeni kwao. Msiri aliuawa tarehe 20/12/1891, wakati watu wa mfalme Leopold wa Pili walipokuja kuchukua inchi.

Kulikuwa pia na wale walioitwa walaji wa shaba. Baada ya mavuno, walichimba mawe ya kijani na kuyayeyusha kwa makala ya miti hiyohiyo, wakitengeneza misalaba ya shaba. Ilikuwa kazi ya kipwa. Masika yalirudisha watu mashambani, na pori likapata kupumua.

Elimu ya vitabu ilikuja nyuma. Mwaka 1974 Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, alichapisha uchunguzi wake juu ya majira ya miti ya miombo. Mwaka 1997 akatoa kitabu juu ya vyakula vya pori hilo: uyoga, viwavi, matunda, asali. Uyoga mwingi wa masika unaishi pamoja na mizizi ya miombo. Ukikata mti, umekata na uyoga.

Hapo ndipo penye shida. Zamani makala yalichomwa kwa majira. Leo Lubumbashi inayahitaji kila siku ya mwaka, na pori linazidi kwenda mbali na muji. Sisi wa Goma hatuwezi kuwacheka. Kwa miaka mingi makala yetu yametoka sana ndani ya Virunga, hifadhi ya tangu 1925.

Na sisi tuna mti wetu mwekundu: umuko, unaoitwa pia umurinzi, ambao huchanua maua kama moto ukiwa hauna majani. Hadithi za Ryangombe, zinazojulikana Rwanda na pande zetu, zasema alipouawa na nyati, mti huo ndio uliompokea. Tena zasema roho za waliowekwa katika ibada yake huenda Karisimbi kwenye raha, na wasiowekwa huenda Nyiragongo kwenye moto. Kumbe hata hapa, mti ulisomwa.

Walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi kwa wazee wakaulize: mti gani ulitangaza mvua, mti gani ulitangaza kupanda maharagwe? Majibu yaandikwe pamoja na jina la mti na mwezi wake. Vita na umaskini vinawazuia wengi wetu kufika Katanga. Lakini kalenda ya kwetu ingali inasomeka, mradi mti na mzee vyote viwili bado vimesimama.