Barabara Bila Motokaa Katika Nchi ya Ugogo

Kila njia ina mwenyewe. Mwenye njia si yule aliyeifyeka kwa panga wala aliyeimwagia lami, bali ni yule ambaye wengine humpisha wakutanapo naye. Kwa kipimo hiki, historia ya njia za Ugogo, yaani nchi ya Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, ni historia ya kupishana: nani alisimama, nani alipita, na kwa sababu gani. Katika historia hiyo palitokea wakati ambapo taifa lilikusudia kumpa njia mtu wa miguu na mtu wa baiskeli, na motokaa ifuate nyuma yao. Kusudi hilo lastahili kukumbukwa, kwani mji uliokusudiwa umekwisha simama, lakini umesimama kwa namna nyingine.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka pori kavu la Marenga Mkali, ndipo ikaingia Ugogo. Ilikuwa njia nyembamba. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliandamana mmoja nyuma ya mwenzake. Na mti ulipoanguka njiani hawakuukata, waliuzunguka, na mzunguko ule ukawa njia. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao waliandika kwa uchungu habari za hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Walakini hongo haikuwa unyang'anyi mtupu. Ugogo ni nchi ya mvua chache, ambayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na msafara wa mamia ya watu waweza kukomba kisima ambacho kijiji kizima kinakitegemea. Mtemi aliyetoza hongo alikuwa akitoza thamani ya maji. Kwa hiyo katika zama hizo mwenye njia alikuwa mwenye maji, na mgeni, ijapokuwa alishika bunduki, alisimama akangoja.

Mamlaka hayo yalivunjwa na Wadachi. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na mizigo iliyokuwa ikienda kwa vichwa vya watu ikaenda kwa gari la moshi. Katika utawala wa Waingereza ikatengenezwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo ilitoka Iringa, ikaikata reli pale Dodoma, kisha ikapanda vilima vya Kondoa kuelekea Babati na Arusha. Ilikuwa barabara ya motokaa kwa jina. Kwa siku nyingi za mwaka waliotembea juu yake walikuwa watu wa miguu, ng'ombe, punda, na baadaye baiskeli.

Baiskeli iliingia bila kelele. Kwanza ilikuwa chombo cha karani, mwalimu na mhubiri. Kisha ikamfikia mkulima na mfanya biashara mdogo. Ilifaa uwanda kwa sababu nyingi. Haikula majani wakati wa kiangazi, haikuhitaji petroli, na iliweza kufuata kijia kile kile chembamba cha mpagazi. Mtu aliyebeba debe moja kichwani aliweza sasa kufunga madebe mawili au gunia zima nyuma ya kiti, akaenda mara tatu ya mwendo wake. Na pasiwe na mtu wa kudhani kwamba alipita bure: kwa miaka mingi mwenye baiskeli alilipa ada ya leseni kwa serikali ya mtaa wake, ingawa hapakuwa na barabara hata moja iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Mwaka 1971 haja ya baiskeli ilizidi. Katika Operesheni Dodoma Wagogo, waliozoea kukaa katika tembe zilizotawanyika karibu na mashamba na malisho yao, walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na vingi katika vijiji hivyo vilipangwa kandokando ya barabara. Shule na zahanati zilisogea karibu, lakini kwa wengi shamba lilikuwa mbali. Mwendo huo wa kila siku ulilipwa kwa miguu, na aliyeweza aliulipa kwa magurudumu mawili.

Ndipo ukaja mwezi wa Oktoba, 1973. Tarehe 1 ya mwezi huo chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mji ambao katika sensa ya 1967 haukufikia watu 25,000. Hazikupita wiki tatu, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta waliyouza, na bei ikapanda duniani kote. Mambo hayo mawili, yaliyozaliwa mwezi mmoja, yalikua pamoja kama ndugu, na haiwezekani kuelewa moja pasipo jingine.

Mpango Mkuu wa mji mpya ulitolewa mwaka 1976. Uliandaliwa na wataalamu wa Project Planning Associates wa Toronto kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973. Mpango huo ulikataa fahari ya miji mikuu mingine, yenye njia pana za maandamano na majumba ya kutisha. Mji ulikusudiwa uwe jumuiya nyingi zinazofuata umbo la vilima na mabonde, kila moja ikiwa na shule na maduka yake kwa mwendo wa miguu. Mtu wa miguu aliwekwa mbele, baiskeli ikawekewa njia zake, basi likaunganisha jumuiya moja na nyingine, na motokaa ya mtu binafsi ikawekwa mwisho. Kwa maneno mengine, mpango ulimrudishia mwenyeji wa Ugogo haki ya kupishwa.

Miaka hiyo hiyo dhiki nayo ilifanya kazi yake. Fedha za kigeni zilipungua, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikazidisha uchungu. Serikali ilikataza motokaa za watu binafsi kuendeshwa Jumapili kuanzia mchana bila ruhusa maalumu. Barabara zilinyamaza, na aliyekuwa na baiskeli alikuwa na barabara nzima.

Nchi za Ulaya zilikwisha kuonja ukimya huo. Mwaka 1973 Uswisi ilifunga barabara zake kwa motokaa Jumapili tatu, za tarehe 25 Novemba, 2 Desemba na 9 Desemba; Italia nayo ilifuata, na Austria mwanzoni mwa 1974. Dhiki ilipopita, sheria hizo zilifutwa, lakini kumbukumbu ya barabara tulivu haikufutika. Leo katika milima ya Alps, karibu na mpaka wa Italia na Uswisi, njia ya Stelvio yenye kimo cha mita 2,757 hufungwa kwa motokaa siku moja ya mwaka, na maelfu ya watu huipanda kwa baiskeli kwa furaha. Kilichoanza kwa uhaba kimerudi kwa hiari.

Dodoma mambo yalikwenda kinyume, na hapa ndipo penye fundisho. Husemwa kwamba mpango wa 1976 ulishindwa kwa kukosa fedha. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Njia ya baiskeli ni rahisi kuliko njia ya motokaa, na nchi iliyokosa fedha ingeweza kuianza hiyo kwanza. Mpango ulidhurika pia kwa kuzaliwa pamoja na dhiki. Watu waliona baiskeli na foleni ya sukari katika picha moja, wakazihesabu kuwa watoto wa mama mmoja. Biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984, motokaa ilirudi kama ishara ya kukombolewa, na baiskeli ikaachiwa aliyekosa.

Serikali ilipohamia Dodoma kwa kweli, kuanzia mwaka 2016, ilihamia kwa motokaa. Mamlaka ya Ustawishaji ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma ikaitwa jiji. Mwaka huo huo ilizinduliwa lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, juu ya ile ile Barabara Kuu ya Kaskazini. Sensa ya 2022 ilikuta jijini watu 765,179. Lami imeleta faida isiyokanika: mgonjwa wa Kondoa hufika hospitali siku hiyo hiyo. Lakini mwuza mkaa anayesukuma baiskeli yake huteremka kwenye changarawe kila basi linapopiga honi. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Naye hutii, kwa kuwa hana la kufanya.

Watemi wa Ugogo hawakuwa na nguvu kuliko misafara iliyowapitia. Walichokuwa nacho ni kukubaliana juu ya kitu kimoja, kwamba apitaye katika nchi yao sharti aheshimu maji yao. Mpango wa 1976 ulitaka apitaye mjini aheshimu miguu ya watu. Jiji linazidi kupanuka, na viwanja vingi bado havijajengwa. Vilima na mabonde yaliyochorwa katika mpango ule yapo pale pale yalipokuwa. Kilichopungua si ardhi, wala si ujuzi. Kilichopungua ni kukubali kwamba anayekwenda kwa magurudumu mawili naye ni mwenye njia.