Nani Aandike Programu za Gari? Detroit, Toyota City na Wolfsburg

Tarehe 29 Agosti 2023, viwanda vyote 14 vya Toyota vinavyounganisha magari nchini Japani vilisimama. Hakukuwa na tetemeko la ardhi wala mgomo. Seva zinazoshughulikia oda za vipuri ziliishiwa nafasi ya kuhifadhi data baada ya matengenezo ya tarehe 27, na mfumo wa akiba, kwa kuwa uliendeshwa pamoja na ule mkuu, ukakwama nao. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2022, viwanda hivyohivyo vilifungwa kwa siku moja kwa sababu wadukuzi walikuwa wameingia katika kompyuta za Kojima, kampuni inayoiuzia Toyota vipuri vya plastiki. Magari yapatayo 13,000 hayakutengenezwa. Hitilafu ya kwanza ilikuwa ya Toyota yenyewe, ya pili ilitoka kwa muuzaji wake, na hasara haikubagua.

Kwa hiyo swali la zamani, kwamba kazi za kompyuta tuzifanye wenyewe au tumpe mkandarasi, limemtoka mhasibu mikononi. Zamani TEHAMA kiwandani ilikuwa mishahara, hesabu za stoo na nyaraka za ofisini, na ukimpa mtu wa nje akafanya kwa bei nafuu, hakuna aliyelalamika. Siku hizi programu ndiyo inayotawala breki na betri, na gari hupokea toleo jipya likiwa limeegeshwa uani kwa mwenyewe, jambo ambalo Tesla iliwazoesha wateja wake tangu Model S ya 2012. Kampuni kubwa zote zimeliona hilo. Zilipotengana ni katika jibu, na nadhani kila moja ilijibu kwa tabia iliyoirithi enzi za kununua chuma na vipuri.

Tabia ya General Motors ni kununua na kuuza. Mwaka 1984 iliinunua EDS, kampuni ya kompyuta ya Ross Perot, kwa dola bilioni 2.5. Perot aliingia katika bodi, akawakosoa wakuu wa Detroit hadharani, na mwaka 1986 wakamlipa takriban dola milioni 700 aondoke. Mwaka 1996 EDS ikatenganishwa na GM, ikabaki kuwa mkandarasi wake mkubwa. Miaka kumi baadaye kazi ikagawanywa kwa wakandarasi kadhaa. Kisha mwaka 2012 akaja Randy Mott, mkuu mpya wa TEHAMA, akakuta asilimia 90 hivi ya kazi inafanywa na watu wa nje. Akatangaza kuigeuza hesabu hiyo juu chini ndani ya miaka mitatu, na vituo vya data 23 vipunguzwe vibaki viwili. Katika kampeni hiyo GM iliwachukua wafanyakazi wapatao 3,000 wa HP waliokuwa tayari wakiihudumia. HP ndiyo iliyoinunua EDS mwaka 2008. Ni kama mtu aliyeuza shamba, akalikodi kwa miaka mingi, kisha akalinunua tena pamoja na vibarua wake.

Simlaumu Mott, alikuwa sahihi. Lakini mwendo wa GM unaonyesha utamaduni ambao ndani yake ujuzi huhesabiwa kuwa mali inayohamishika. Agosti 2024 kampuni hiyohiyo iliwapunguza wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa programu na huduma zake.

Toyota hainunui hivyo. Muuzaji wake mkuu wa vifaa vya umeme ni Denso, ambayo ilikuwa idara ya Toyota hadi 1949, na wawili hao wameendelea kuwa kama ndugu walioachana nyumba bila kuachana meza. Kwa miaka mingi elektroniki za Toyota ziliiegemea Denso mno, na elektroniki zilipozidi kuingia ndani ya gari, wakuu wa Toyota waliona hatari ya kununua kitu wasichokielewa. Mwaka 1989 wakafungua kiwanda cha Hirose, wakaanza kutengeneza vifaa vya elektroniki wenyewe. Hawakuiacha Denso. Kwa kujifunza kwa mikono, waliweza kujua bei ya haki na kuuliza maswali yanayomtoa jasho muuzaji. Mwaka 2020 kazi za Hirose zilihamishiwa Denso, ili uzalishaji na utafiti wa elektroniki vikae pamoja.

Mtindo huu una gharama yake, nayo ni mwendo wa kinyonga. Arene, jukwaa la programu linalotengenezwa na Woven by Toyota, lilingojewa sana kabla ya kuingia katika RAV4 mpya iliyoonyeshwa Mei 2025. Watengenezaji magari wa China hawasubiri hivyo.

Volkswagen ilikuwa na kiburi cha uhandisi, na mapengo ndani yake. Kwa miongo mingi Wajerumani walinunua kwa akina Bosch na Continental kompyuta ndogondogo za gari, kila moja ikija na programu yake tayari ndani. Wahandisi wa Volkswagen kule Wolfsburg walijua kuziunganisha. Kuziandika ilikuwa kazi ya wengine. Herbert Diess, aliyekuwa mkuu wa Volkswagen, aliiona hatari mapema. Alitaka sehemu ya programu zinazoandikwa ndani ipande kutoka chini ya asilimia 10 hadi angalau asilimia 60, na kampuni tanzu iliyokuja kuitwa Cariad ikapewa jukumu hilo. Ikalemewa. Audi, Porsche na Volkswagen kila moja ilikuja na mahitaji yake, Macan ya umeme ikachelewa, na Septemba 2022 Diess akawa ameondoka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Volkswagen ilikosea kutaka kujitegemea. Nia haikuwa na kasoro. Kasoro ni kudhani kwamba amri ya mkurugenzi na kampuni mpya vinaweza kuziba pengo la miaka thelathini ambayo hakuna aliyejifunza. GM angalau ilikuwa na watu wa kuwarudisha. Volkswagen ilitaka kumrudisha mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Mnamo 2023 ilikwenda kwa Xpeng ya China na dola milioni 700 hivi. Mwaka uliofuata ikaingia ubia na Rivian ya Marekani, kampuni changa iliyokuwa bado inapata hasara, kwa mkataba unaoweza kufikia dola bilioni 5.8. Kati ya GM, Toyota na Volkswagen, ni Toyota pekee iliyolipa karo yake mapema.