Nguvu ya Maandishi katika Historia ya Mrima

Ukitoka Bagamoyo mjini na kushika njia ya kaskazini, utaingia katika nchi ya mito miwili, Ruvu na Wami, na humo utafika Makurunge. Jina hili halimo katika vitabu vingi vya historia. Vitabu hutaja Bagamoyo, hutaja Saadani na Pangani, kisha huingia bara pamoja na misafara. Mimi nimezaliwa Makurunge, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia kuandika barua za Serikali mchana na mashairi usiku. Kwa hiyo swali ninalotaka kulitazama katika insha hii si geni kwangu. Maandishi yana nguvu gani juu ya mtu ayasomaye, na yana nguvu gani juu ya mtu asiyeweza kuyasoma?

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaodhani kwamba kuandika kuliletwa Mrima na meli za Ulaya. Sivyo. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waliandika barua, hati za mashamba, madeni ya wafanya biashara, nasaba za koo na tenzi za dini. Watoto walijifunza herufi hizo chuoni kwa mwalimu, ubao magotini. Methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari ni methali ya watu waliojua thamani ya karatasi. Tofauti iliyokuja baadaye haikuwa baina ya watu wenye maandishi na watu wasio nayo. Ilikuwa baina ya maandishi yaliyosomwa na pande zote mbili na maandishi yaliyosomwa na upande mmoja tu.

Mfano wa kwanza ulianzia Saadani. Mwezi Novemba 1884 Mjerumani aitwaye Karl Peters alishuka hapo pamoja na wenzake wachache, akaingia bara. Katika muda wa wiki chache alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatilisha wakuu wa nchi alama zao chini ya karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Karatasi hizo zilisema kuwa wameitoa nchi yao, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha wageni ambacho hawajapata kukiona. Waliotia alama walipewa zawadi na maneno ya urafiki kwa mdomo. Yaliyosemwa yalikuwa mengine, na yaliyoandikwa yalikuwa mengine. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na msingi wa hati yake ulikuwa karatasi zile. Hapakupigwa risasi hata moja ya vita, lakini mbele ya dola za Ulaya nchi ilikuwa imekwisha andikwa kwa jina la mwingine.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1888. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Said, alitia sahihi mkataba wa kuipa kampuni ya Wajerumani mamlaka ya kuutawala Mrima kwa jina lake na kutoza ushuru wa forodha. Majumbe wa Bagamoyo, Saadani na Pangani hawakuulizwa. Kampuni ilipoanza kuushika utawala mwezi Agosti, hasira iliwaka pwani nzima. Pangani ilikuwa ya kwanza, baada ya wakala wa kampuni kuishusha bendera ya Sultani. Bushiri bin Salim, mwenye mashamba Pangani, akawa kiongozi wa vita upande huo na Bagamoyo. Bwana Heri akaongoza Saadani na Uzigua.

Hapa ndipo nataka wanafunzi watazame kwa makini kazi ya neno moja. Habari za vita hivi zilipofika Ulaya kwa simu na magazeti, ziliitwa maasi ya Waarabu. Mwaka huo vuguvugu la kupinga biashara ya watumwa lilikuwa limepamba moto huko. Kwa hiyo msomaji wa Berlin aliyeona neno Waarabu alielewa mara moja kuwa wafanya biashara ya watumwa wanapigana ili waendelee na biashara yao. Hakuambiwa kwamba waliochukua silaha walikuwa pia majumbe wa Kiswahili, Wazigua, wapagazi na watu wa vijiji vya karibu. Hakuambiwa kwamba Bwana Heri aliwategemea Wazigua. Mwishoni mwa Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha, mark milioni mbili, kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Kwa fedha hizo Hermann Wissmann aliajiri askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji, na mwezi Mei akaiteka ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890.

Sisemi kwamba utumwa haukuwapo. Ulikuwapo, na Bagamoyo inaujua. Nasema kwamba jina lililopewa vita lilimwezesha msomaji wa mbali kutoa fedha kwa moyo mweupe, hali kusudi la vita lilikuwa kuitwaa nchi. Ushahidi wake ni kwamba utawala huo wa Kijerumani, uliodumu mpaka Vita Kuu ya Kwanza, haukupata kuupiga marufuku utumwa wenyewe. Sheria ya kuukomesha Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922.

Sasa tuitazame kalamu ya upande wa pili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa mwanachuoni na mshairi wa upande wa Tanga. Baada ya vita alivitungia utenzi, nao unajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika miaka ya 1950 ukachapishwa kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwalimu akiwa na nafasi ya somo moja tu juu ya utenzi huu, na aanze na jina lake. Ujerumani iliandikwa kuwa Waarabu wameasi. Katika jina hili Waarabu hawamo, wala maasi hayamo. Waliomo ni Wadachi, yaani Wajerumani, na tendo lao ni kutamalaki, yaani kuitwaa nchi na kuimiliki. Vita ni vilevile, mwaka ni uleule, ila mtendaji amebadilika. Hapo mwanafunzi hataweza tena kulisoma jina la vita vyovyote bila kujiuliza ni nani aliyelitoa, na alimtolea msomaji gani.

Utenzi ulikuwa na nguvu nyingine ambayo karatasi ya Peters haikuwa nayo. Utenzi husomwa kwa sauti mbele ya watu. Aliyejua herufi alisoma, na asiyejua alisikia, akashika beti, akazipeleka nyumbani. Hemedi hakuwa na bunge la kumpa fedha, wala hakuweza kumfufua aliyenyongwa. Wala hakuficha kuwa Mrima ulishindwa. Jina la utenzi wake linakiri hivyo. Kile alichoweza kukifanya ni kuwapa watu walioshindwa habari yao wenyewe kwa lugha yao na kwa mizani waliyoizoea, wasije wakaipokea kutoka kinywani mwa aliyewashinda.

Mtu wa tatu ni jirani yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Dunda, Bagamoyo. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu cha safari za Waswahili, na humo mna habari aliyoiandika Mtoro juu ya safari yake ya Udoe mpaka Uzigua. Hiyo ni nchi ya nyuma ya Bagamoyo, nchi ya Ruvu na Wami, ndiyo kwetu. Mwaka 1903 kikafuata kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili. Kinaeleza kuzaliwa kwa mtoto na malezi yake, chuo, jando, ngoma, ndoa, uganga, majumbe, madeni, utumwa na mazishi. Kilichapishwa Ujerumani kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani, na baadhi yao walikisoma wapate kujua namna ya kututawala. Jambo hilo tusilifiche. Lakini Mtoro alikiandika kwa Kiswahili safi cha Mrima, akieleza mambo kwa utulivu wa mtu anayeijua nyumba yake, mazuri yake na mabaya yake. Hata habari za utumwa alizieleza wazi.

Tangu mwaka 1900 Mtoro alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Mwandishi wa kitabu kilichowafundisha Wajerumani adabu zetu hakupata adabu kwa baadhi ya wanafunzi wake, kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1905 kazi yake hiyo ikakoma. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Walipofunga safari ya kuja Afrika ya Mashariki wakae pamoja, watawala wa koloni hawakukubali, ikawabidi warejee Ujerumani. Mtoro alifariki dunia Berlin mwaka 1927, mbali na Dunda.

Hapa yupo msomaji atakayeuliza: basi nguvu ya maandishi iko wapi, ikiwa kitabu hakikuweza kumpatia mwandishi wake hata ruhusa ya kushuka bandarini na mkewe? Swali hili ni la haki, nami nimelifikiri kwa miaka mingi. Jibu ninaloliona ni kwamba kitabu hakimtii aliyekiagiza. Kiliagizwa kwa ajili ya maofisa na wanafunzi wa dola ile, na dola ile imekwisha. Kitabu kimebaki, mwaka 1981 kikachapishwa tafsiri yake ya Kiingereza, na leo kijana wa Bagamoyo anayetaka kujua mababu zake walioaje na walizikanaje hana budi kurudi kwa Mtoro. Msomaji wake wa kweli alikuwa hajazaliwa alipokuwa akiandika.

Nimesema juu ya mabunge na wafalme. Sasa niseme juu ya mama yangu. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Ilipofika mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, walibaki karibu mmoja katika kila kumi. Mama alikuwa mmoja wa waliohesabiwa. Alijifunza jioni, chini ya mwembe, pamoja na wanawake wenzake, na mimi mtoto wake nikimshikia taa. Hapo kabla, palipotakiwa sahihi yake, alitia dole gumba.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 alikuja mnunuzi wa nazi. Wakapatana bei ya nazi za msimu ule, na mnunuzi akatoa karatasi aliyokuwa ameiandika tayari, pamoja na kidau cha wino. Mama akaiomba karatasi. Alisoma polepole, kwa sauti, akifuatisha kila silabi kwa kidole, na yule bwana akawa anatazama saa yake. Alipofika katikati alisimama, akarudia. Walikuwa wamesemezana juu ya nazi. Karatasi ilisema minazi. Mama hakugomba. Alimrudishia karatasi, akamwambia, "Mwanangu, andika tulivyosema." Mnunuzi aliondoka, asirudi tena.

Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nilielewa miaka mingi baadaye nilipoisoma habari ya Saadani ya mwaka 1884, na ya wazee waliotia alama zao juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Baina ya nazi na minazi mna silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo shamba.

Tangu hapo nimejitahidi kuikumbuka silabi hiyo kila ninapokaa mbele ya jalada. Barua inayotoka katika masjala itasomwa na mtu ambaye huenda ana shamba moja tu. Maneno magumu yanayowekwa ili barua ionekane kubwa humweka msomaji katika hali ya wale wazee, hata kama amekwenda shule. Mwandishi wa shairi, wa habari na wa barua ya ofisi wana wajibu mmoja, nao ni kuandika yale yaliyosemwa, kwa lugha ambayo mwenye shauri ataweza kuisoma kwa kidole chake mwenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi nina ombi moja. Katika nyumba nyingi za Mrima zimo karatasi za zamani ndani ya masanduku: barua za herufi za Kiarabu, hati za mashamba, daftari za kisomo, beti zilizoandikwa na babu au bibi. Nendeni kwa adabu, mbishe hodi, muwaombe wazee wawasomee. Andikeni majina ya waandishi wake na mahali zilipoandikwa, kisha mwacheni mwenye karatasi abaki na karatasi yake. Kazi hiyo haihitaji chuo kikuu. Mimi mwenyewe niliishia sekondari. Inahitaji mtu mwenye subira ya kusoma neno kwa neno mpaka afike katikati, na akiona minazi mahali pa nazi, asimame, arudie.