Mama na Mwana

Kosa langu niliandika kwa wino, kwa herufi kubwa, nikalibandika ukutani darasani, na likakaa pale miaka minne kabla sijajua kuwa ni kosa.

Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa mwalimu kijana kisiwani Mafia, na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alikuwa ameniachia miwani yake ya kuzamia. Basi kila Jumamosi ya maji mafu, bahari inapokuwa na nuru hadi chini, nilikwenda na ngarawa ya kuazima mpaka kwenye miamba ya Chole, nikawa nachungulia. Papa wadogo ndio walionivutia zaidi. Yule mwenye ncha nyeusi za mapezi hakunisumbua, kwani alikuja hadi maji ya magotini, na pezi lake la mgongoni lilionekana juu kabla yake mwenyewe. Yule mwenye ncha nyeupe pia ni rahisi: mchana hulala chini ya pango, wawili watatu pamoja, na mtu akimulikiwa jua vizuri ataziona zile ncha mbili nyeupe, ya mgongoni na ya juu ya mkia.

Siku moja nikaona kitu kingine. Kilikuwa mchangani, kirefu kama mkono wangu, rangi ya kahawa iliyoungua, kimefungwa mishipi ya manjano iliyopauka toka kichwani hadi mkiani. Na mkia wenyewe! Ulikaribia nusu ya mwili mzima. Nilidhani ni nyoka wa baharini, nikapanda juu upesi nikiwa nimemeza maji. Wiki chache baadaye, mahali si mbali na pale, nikamkuta mwingine amelala kifudifudi akikabili mkondo, mkubwa kupita urefu wangu, rangi ya mchanga na madoa meusi mwili mzima kama chui. Nikarudi nyumbani nikaandika orodha yangu, "Papa wa Maji Yetu", aina nne. Wa milia alikuwa aina ya tatu, wa madoa aina ya nne.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa jarife. Alivua papa maisha yake yote, akiwatia chumvi na kuwaanika kuwa ng'onda, na maini yao akiyachemsha kupata sifa ya kupaka vyombo. Alikuja shuleni siku moja kuniletea kitoweo, akasimama mbele ya ile orodha. Kusoma alijua kidogo, lakini michoro aliielewa.

"Mwalimu," akasema, "hawa wawili si wawili. Huyu ni mama na huyu ni mwanawe."

Watoto wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Nikamwambia, "Mjomba, mnyama habadilishi milia kuwa madoa. Pundamilia akikua huwa chui?"

Akanitazama. "Wewe umemwona wa mwanzo na wa mwisho. Mimi nimemtoa nyavuni hata wa katikati, milia inakatika, madoa yanaingia." Kisha akachukua kikapu chake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hakulizungumza tena jambo lile.

Mwaka 1990, katika maktaba moja jijini Dar es Salaam, nilifungua kitabu cha samaki nikaona michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja. Wa kwanza ana mishipi. Wa mwisho ana madoa. Wa katikati ana mishipi iliyokatikakatika, na madoa yameanza kuchomoza katikati yake. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za papa huyu, na nimeona kwamba sikuwa peke yangu katika kupotea, ijapokuwa hilo halinipunguzii kitu. Wasomi wa Ulaya walimpa majina kana kwamba wanagawa zawadi. Johann Reinhold Forster, aliyesafiri na nahodha James Cook miaka ya 1772 hadi 1775, alimwita Squalus tigrinus mwaka 1781. Miaka miwili baadaye Johann Hermann wa Strasbourg akamwita fasciatus, yaani mwenye mishipi. Mwaka 1789 Gmelin akamtaja kwa mkia wake mrefu. Jina la Hermann ndilo lililotumiwa na vitabu vingi kwa miaka mingi, hadi mwaka 2019 watafiti walipopitia upya jambo lote na kulirudisha lile la Forster. Utafiti uleule ulionyesha kwamba papa fulani wa rangi ya mchanga, aliyeonekana kama ni wa aina nyingine, naye ni huyuhuyu. Hata wazamiaji hawajaafikiana: wengine humwita pundamilia, kwa kumwangalia mtoto, na wengine humwita chui, kwa kumwangalia mzazi. Kumbe chui wa papa yupo mwingine kabisa, huko California.

Ukitaka kumtambua, rangi iache. Tazama mkia, ule mrefu kupita kiasi. Tazama mdomo mdogo ulio chini, na vindevu viwili puani. Mkubwa ana matuta marefu ubavuni, kama mbao za mtumbwi zilizoungwa. Hayo mkia na mdomo na vindevu yamo kwa mtoto na kwa mzazi, nami niliyaona kwa wote wawili, nikayachora kwa mkono wangu, nisiyatie akilini.

Niliporudi Mafia mwaka ule wa 1990 niliibandua orodha jioni, wanafunzi wakiwa wameondoka. Kwa mjomba sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Idi, kisha nikajiambia nitakwenda baada ya kusi. Alifariki mwaka 1993. Miaka miwili baada ya hapo Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa, na mara nyingi nimefikiri jinsi ambavyo angewasaidia wale wahesabu samaki. Maana hesabu yangu ya aina mbili ingedanganya: mwenye kuona watoto wa milia wamekwisha angesema wenye madoa bado wapo, hakuna neno. Tangu mwaka 2016 papa huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka.

Mwaka jana mjukuu wa mjomba, naye ni mvuvi, alinitumia picha kwa simu. Papa wa kadiri ya mita moja, milia imekatika, madoa yameingia. "Babu, huyu ni aina gani? Wenzangu wanabishana."

Nikamwandikia kwamba babu yake alilisema jambo hili mbele ya darasa zima, nami nikamcheka. Nikamwandikia yote. Halafu nikamwomba, kama bado yu hai, amrudishe majini.

Jibu lilikuja jioni. Walikuwa wameshamkata.