Mazrui Baada ya Ngome

Wasomaji wa tarikh ya Mombasa hukoma, mara nyingi, pale Ngome inapoanguka. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliutwaa mji, na utawala wa Mazrui, uliodumu takriban miaka mia moja, ukaondoka. Wakubwa wa ukoo walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, wakafia huko. Swali letu laanzia hapo: ukoo uliopokonywa cheo, nyumba na wazee wake kwa mara moja, ulibakije kuwa ukoo?

Waliosalimika walifuata njia mbili. Wengine walikwenda kusini, wakafanya makao Gazi. Wengine kaskazini, Takaungu. Kati yao ilikuwako Mombasa, mji wasiokuwa na amri nao tena. Wala haifai kusema kwamba adui ndiye aliyewatenga. Alipofariki Liwali Salim bin Ahmad, mwaka 1835, ndugu waligombea kiti chake, na ugomvi huo ndio uliomfungulia Seyyid Said mlango.

Ugomvi wa namna hiyo ulirudi mwaka 1895, alipokufa Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kampuni ya Waingereza ilimsimamisha mwanawe Rashid bin Salim, na Mubarak bin Rashid, aliyemzidi umri, akaiona haki yake imeporwa. Akachukua silaha pamoja na nduguye Aziz. Waliposhindwa walikimbilia kwa jamaa yao wa Gazi, Mbaruk bin Rashid, mzee aliyekwisha kupigana na masultani wa Unguja mara kadhaa. Mbaruk angaliweza kuwatoa, akabaki na mji wake. Hakuwatoa. Najua wako wasemao kwamba alikuwa na hamu yake mwenyewe ya vita, na pengine ni kweli. Lakini mwenye hamu ya vita naye huchagua atapigania nani. Mwezi wa Aprili 1896 alivuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wadachi, akaishi Dar es Salaam hata alipokufa mwaka 1910. Rashid bin Salim alibaki upande wa Waingereza. Basi udugu uleule uliwaweka Mazrui kila upande wa bunduki.

Baada ya vita, kilichowakusanya kilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1914 iliweka mashamba ya Takaungu chini ya wadhamini kwa ajili ya ukoo mzima, na kwa sababu hiyo kila mmoja ilimlazimu ajue nasaba yake, kwani fungu lilifuata nasaba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1989, na mzozo wake ukafika Mahakama Kuu.

Nasaba haikuachiwa wenye mashamba peke yao. Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu tarikh ya jamaa zake. Ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014, baada ya kukaa ng'ambo miaka mingi. Maiti yake ilirudishwa Mombasa, ikazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Ngome.