Kupanda kwa maji ya Ziwa Baringo

Kupanda kwa maji ya Ziwa Baringo ni ongezeko la kina na eneo la ziwa hilo la Kenya lililoanza kuonekana mnamo mwaka 2010 na kuzidi sana mwaka 2020. Maji yalifunika malisho, mashamba, nyumba, shule, vituo vya afya na hoteli, na maelfu ya wakazi wakalazimika kuhama. Mafuriko ya mto kwa kawaida hupungua baada ya siku au wiki chache, lakini haya yamekaa kwa miaka mingi, hivyo wengi waliohama hawana mahali pa kurudi.

Jiografia na wakazi

Ziwa Baringo liko katika Bonde la Ufa, kaunti ya Baringo, kaskazini kwa Ziwa Bogoria. Hupokea maji ya mito kama Molo na Perkerra. Halina mto unaotoka, lakini maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi. Kando yake huishi hasa Wailchamus, Watugen na Wapokot, ambao hutegemea ufugaji, uvuvi, kilimo na utalii.

Sababu

Wataalamu wengi hutaja ongezeko la mvua kuwa sababu kuu. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2019 zilihusiana na kuongezeka kwa joto la maji upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, hali inayotarajiwa kutokea mara nyingi zaidi kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Ukataji wa misitu kwenye vyanzo vya mito huongeza udongo unaoingia ziwani. Baadhi hutaja pia mabadiliko katika nyufa za miamba zinazopitisha maji. Maziwa ya eneo hili yaliwahi kupanda miaka ya 1960, kwa hiyo mchango wa kila sababu bado unajadiliwa.

Athari

Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kaya zaidi ya 75,000 zilihamishwa na kupanda kwa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Viktoria. Kule Baringo, mamba na viboko walisogea karibu na makazi, na maji yaliyotuama yaliongeza mbu. Kati ya mwisho wa 2020 na Aprili 2021, twiga tisa waliozingirwa na maji walivushwa kwa chelezo hadi hifadhi ya Ruko. Ilihofiwa pia kwamba Ziwa Baringo lingeungana na Ziwa Bogoria, ambalo maji yake ni ya chumvi, na kuwadhuru samaki.

Hali ya waliohama

Watu hao si wakimbizi kwa maana ya Mkataba wa mwaka 1951, kwa kuwa hawakuvuka mpaka wala hawakukimbia mateso. Ni wakimbizi wa ndani. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama kuwalinda na kuwasaidia pia wale wanaohamishwa na majanga ya asili, yakiwemo yanayotokana na mabadiliko ya tabianchi.

Tatizo gumu zaidi ni ardhi. Chakula na mahema husaidia kwa muda, lakini familia ambayo shamba lake liko chini ya maji inahitaji mahali pengine pa kudumu. Wengi walihamia kwa ndugu au kwenye ardhi ya jamii jirani, jambo linaloongeza shinikizo juu ya malisho na maji. Sehemu ya nyanda zilizobaki imevamiwa na mathenge, mti wenye miiba ulioletwa miaka ya 1980 ili kuzuia kuenea kwa jangwa.

Ustahimilivu

Wailchamus wamebadilisha maisha yao mara kadhaa. Katika karne ya 19 walilima kwa mifereji na kuuza nafaka kwa misafara ya biashara iliyotoka pwani, kisha ufugaji ukachukua nafasi kubwa zaidi. Siku hizi baadhi ya wakazi hufuga nyuki au huchoma makaa ya mathenge. Hata hivyo, juhudi za familia haziwezi kuchukua nafasi ya mipango ya umma: kupima viwango vya maji, kuweka mipaka ya ujenzi ufukoni, kuhifadhi misitu ya vyanzo vya mito, na kutenga ardhi ya kuhamia kwa makubaliano na jamii zinazowapokea wahamiaji.