Mtunza bustani aliyemfundisha profesa historia

Ukitaka kuharibu sherehe ya familia, waambie unasoma historia chuoni. Mimi niliwaambia Krisimasi iliyopita. Mjomba akaweka chini mfupa wa mbuzi, akaniangalia kama mtu aliyefiwa, akauliza, "Sasa hiyo utakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekuja kulipata juzi tu, na halikutoka hapa kwetu. Lilitoka mji mmoja wa joto kali kaskazini mashariki mwa Australia, unaitwa Townsville. Wacha niwape hii stori polepole, maana tangu niisome imekataa kunitoka kichwani.

Mwaka wa 1965 jamaa mmoja wa miaka ishirini na kitu, Henry Reynolds, alifika Townsville kufundisha historia. Alikuwa amezaliwa Tasmania, kile kisiwa cha kusini kabisa, kwa hivyo huku kaskazini alikuwa mgeni. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga, tawi tu la chuo kingine. Kilianza kujitegemea 1970, kikapewa jina la James Cook, yule nahodha Mwingereza ambaye mwaka wa 1770 alipita pwani ya mashariki ya Australia kwa meli na kutangaza kwamba yote ile ni mali ya mfalme wake. Hilo jina liweke kando kidogo, tutalirudia.

Reynolds akaambiwa afundishe historia ya Australia. Akafungua vitabu. Kondoo wapo, dhahabu ipo, wachunguzi wenye ndevu ndefu wapo. Watu waliokuwa wameishi kwa hiyo nchi makumi ya maelfu ya miaka kabla ya meli ya kwanza kutoka Uingereza? Sentensi moja hapa, sentensi moja pale, basi. Lakini akitoka nje ya darasa anakutana nao mtaani, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres, na anaona vile wanachukuliwa. Kitabu kinasema hawapo, barabara inasema wapo. Mtu akikaa kati ya hayo mawili kwa muda, ama anazoea ama anaanza kuuliza maswali.

Akaanza kuuliza. Yeye na mwenzake wa chuoni, Noel Loos, wakaingia kwa magazeti ya zamani ya masetla, barua za serikali, ripoti za polisi, na wakaenda pia kuwasikiliza wazee. Na hapa kuna kitu kilinishtua. Mimi nilidhani siri za ukoloni zilifichwa na wakoloni wenyewe. Kumbe masetla wa karne ya 19 kule hawakuficha sana. Waliandika kwa magazeti yao, waziwazi, kwamba kulikuwa na vita vya ardhi na watu walikuwa wanauawa. Walibishana wao kwa wao kama ni halali. Kulikuwa hata na kikosi cha polisi wenyeji, Waaborijini waliopewa bunduki na maafisa wazungu ili kuwawinda Waaborijini wa sehemu zingine. (Kama babu yako amewahi kukuhadithia kuhusu homugadi, hiyo mbinu unaijua.) Ukimya ulikuja baadaye, na ulioletwa na watu wenye digrii, waliokaa mezani wakaamua kwamba hayo si historia.

Kitabu cha Reynolds kilitoka 1981, kinaitwa *The Other Side of the Frontier*. Kwa makadirio yake, Waaborijini kama 20,000 waliuawa kwenye mapigano ya mpakani. Lakini kilichokifanya kitabu kuwa tofauti ni pale aliposimama. Wengine waliandika wakiwa wamesimama na setla, wanaangalia msitu. Yeye alijaribu kusimama msituni, akaangalia setla anavyokuja.

Sasa tumtafute mtunza bustani.

Kuanzia 1967 chuo kile kilikuwa kimeajiri mtu wa kutunza nyasi na maua, anaitwa Eddie Koiki Mabo. Alizaliwa 1936 kwenye kisiwa cha Mer, kidogo sana, katikati ya Australia na Papua New Guinea. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye mashua, mashamba ya miwa, reli. Akiwa mapumzikoni anaingia maktaba ya chuo kusoma vitu ambavyo wazungu wameandika kuhusu watu wake. Alizoeana na Reynolds na Loos, na saa ya chakula cha mchana wakati mwingine walikaa pamoja ofisini wakipiga stori.

Stori ya Mabo siku zote ilikuwa moja: shamba. Kule Mer kila familia inajua kipande chake, kinaanzia jiwe gani, kinaishia mti gani, kilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Kuna sheria ya kale, sheria ya Malo, inayokataza mtu kutia mguu au mkono kwa shamba la mwenzake. Mabo alikuwa anaishi mbali na nyumbani, lakini alijua siku moja atarudi kwa kipande chake. Ni vile mimi na wewe tunaongea kuhusu ushago. Hata ukikaa bedsita ya Githurai miaka kumi, kuna mahali unaita kwenu.

Siku moja mezani, Reynolds na Loos wakaangaliana. Walikuwa wamesoma sheria. Walijua Queensland ilichukua hivyo visiwa mwaka wa 1879, na tangu siku hiyo, kwa maandishi, shamba la Mabo halikuwa la Mabo. Lilikuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza.

Hebu jiweke hapo. Mbele yako rafiki yako anatafuna mkate, anakuambia vile atajenga. Wewe una karatasi kichwani inayosema hana kitu. Utamwambia? Mimi sijui kama ningeweza, ningebadilisha stori niulize kuhusu mpira. Wao walimwambia. Reynolds amesimulia mwenyewe jinsi Mabo alivyoshtuka na kukataa kuamini: vipi mtu aliye mbali aseme shamba ni lake, na kila mtu Mer anajua ni la nani?

Nadhani hapo ndipo kazi ya Reynolds ilianza kuwa na maana, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Alichokuwa nacho yeye ni kujua uongo ulivyoandikwa. Ukweli wenyewe alikuwa nao yule anayekata nyasi. Kila mmoja angekaa na nusu yake hadi azeeke.

Mabo hakukaa. Katikati ya hayo aliwahi kunyimwa ruhusa ya kwenda Mer kumwona baba yake mgonjwa, kwa sababu kuingia kisiwani kwao kulihitaji kibali cha wakubwa, na mzee akafa bila kuonana naye. Mwaka wa 1973 alisaidia kuanzisha shule ya watoto weusi hapo Townsville. Na 1981 kukafanyika mkutano wa haki za ardhi palepale chuoni. Mabo akasimama akaeleza ardhi ya Mer inavyorithiwa. Kwenye kikao walikuwepo mawakili. Mwaka uliofuata, Mei 1982, yeye na wenzake wanne wakaishtaki serikali ya Queensland.

Kesi ilichukua miaka kumi. Mwaka wa 1985 Queensland ilipitisha sheria ya kufuta haki zozote ambazo watu wa visiwa wangeweza kudai, na kufuta kwa kurudi nyuma hadi 1879. Yaani mechi inaendelea, wewe unabadilisha sheria za nusu ya kwanza. Mahakama Kuu ya Australia iliitupa sheria hiyo 1988, majaji 4 kwa 3. Ilibaki kidogo tu. Huko nyuma Mabo na wazee wanatoa ushahidi wa walichoambiwa na baba na babu zao, na mawakili wa Queensland wanapinga tena na tena kwamba hayo ni maneno ya kusikia. Jaji aliyechunguza ushahidi alipomaliza 1990, hakukubali sehemu kubwa ya madai ya Mabo mwenyewe kuhusu vipande vyake.

Tarehe 21 Januari 1992 Mabo akafa kwa kansa, akiwa na miaka 55. Hukumu ilisomwa 3 Juni mwaka huohuo. Majaji 6 kwa 1: watu wa Mer ndio wenye haki ya ardhi yao dhidi ya ulimwengu mzima, na ile dhana kwamba Australia ilikuwa *terra nullius*, ardhi isiyo na mwenyewe, haina msingi. Mwaka wa 1987 Reynolds alikuwa ametoa kitabu kingine, *The Law of the Land*, akionyesha kwamba hata London ya karne ya 19 kulikuwa na wakubwa waliojua wazi wenyeji wana haki za ardhi. Kazi yake ilitajwa na majaji ndani ya hukumu hiyo. Mjomba, sikiliza hapo.

Lakini nisiwauzie ndoto. Baada ya hukumu kukaja vita vingine, vya maneno. Wanasiasa na waandishi wakasema wanahistoria wa aina hii wanataka nchi ijichukie. Mwaka wa 2002 Keith Windschuttle alichapisha kitabu kizima akidai mauaji yametiwa chumvi, akipekua tanbihi moja baada ya nyingine, na zingine kweli akazipata na makosa. Majibu ya maana yalikuwa ni kurudi kwenye nyaraka. Lyndall Ryan, mwanahistoria ambaye Windschuttle alimshambulia sana, alikuja kuongoza kazi ya kuchora ramani ya mauaji ya halaiki ya Australia nzima, sehemu kwa sehemu, pamoja na ushahidi wake, na 2017 ramani ikaanza kuwekwa wazi kwa kila mtu. Huyo mama naye anastahili stori yake.

Na kaburi. Mwaka wa 1995, miaka mitatu baada ya kifo, familia ilifunua jiwe la kaburi la Mabo pale Townsville kwa sherehe kubwa, kama desturi yao ilivyo. Usiku huohuo watu wakaja wakalichafua kwa alama za Kinazi na matusi. Familia ikauchukua mwili, ikamzika tena Mer. Alirudi kwa shamba lake namna hiyo.

Nikisoma haya nilikuwa najiambia, hawa watu ni kama sisi. Halafu nikagundua si "kama". Ni kalamu ileile. Mwaka wa 1902 na 1915 Waingereza walipitisha sheria za ardhi ya Mfalme hapa, na mwaka wa 1921 jaji mkuu akaamua kwamba Wakikuyu kwenye ardhi yao ni wapangaji tu kwa hisani ya Mfalme. Wamaasai waliwatangulia kortini: walihamishwa Laikipia, wakashtaki, na 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mkataba wao ni kama mkataba wa nchi mbili, korti ya kawaida haiwezi kuugusa. Linganisha. Mer waliambiwa hawana kitu. Wamaasai waliambiwa wao ni taifa kamili, ndiyo maana hawawezi kusaidiwa. Ukishaamua kuchukua shamba la mtu, sababu haikosekani.

Na wanahistoria wameshafika kortini kwa ajili yetu pia. Mwaka wa 2009 wazee wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza kule London, na Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett wakatoa ushahidi wa kitaalamu. Kesi hiyo ndiyo ililazimisha Uingereza mwaka wa 2011 kukubali kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni mahali panaitwa Hanslope Park. Mwaka wa 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Hiyo tunapenda kuisimulia, kwa sababu mwenye makosa ni mzungu. Ya Waogiek tunaikimbia. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya, hii yetu ya bendera na wimbo, ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza msitu wa Mau, na 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 150 na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena. Hoja ya serikali ni kwamba msitu ni mali ya umma na wao ni wavamizi. Badilisha neno "umma" uweke "Mfalme", halafu uisome tena.

Lile jina la chuo sasa. Mwaka wa 2008 maktaba ya pale Townsville, kwenye chuo kilekile ambapo mtunza bustani alikuwa anaingia kusoma wakati wa mapumziko, ilipewa jina lake: Maktaba ya Eddie Koiki Mabo. Chuo bado kinaitwa James Cook. Ni kama tuwe na Chuo Kikuu cha Lord Delamere, halafu maktaba yake iitwe Koitalel arap Samoei. Sijui kama nicheke ama nilie. Nikipata nauli siku moja nitaenda nikae hapo ndani nisome kitu chochote, hata gazeti.

Mjomba bado sijamjibu. Namngoja Disemba, mbuzi ikiwa imeiva.